Zamu ya Kusimama Mbele

Juma lililopita nilikuwa Murera kwenye harusi ya Shiro, na jambo lililonirudisha kwenye mwaka ule lilitokea baada ya chakula, wakati watu walikuwa wameshiba pilau na mukimo na wazee walikuwa wameanza kusinzia kwenye viti vya plastiki. Kijana wa muziki aliweka wimbo wa injili wenye ngoma nzito. Mama Shiro, mama wa bibi harusi, ambaye alikuwa amefunga kilemba kikubwa kuliko cha mtu yeyote pale, aliinuka polepole akaenda kusimama kwenye nyasi. Sikusikia akimwita mtu. Lakini wanawake walianza kutoka kwenye mahema, mmoja huku, wawili kule, mwingine akimwachia mjukuu soda yake, wakajipanga mistari mitatu, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya mkono ulionyooshwa. Mdundo ulipofika mahali pake, wote waliinama upande wa kushoto, wakavuta chini tawi ambalo halikuwepo, wakaanza kuchuma kahawa. Vidole vyao vilikwenda pamoja. Waligeuka pamoja, wakapanda pamoja mteremko usioonekana, wakamimina vikapu pamoja. Mbele yao hapakuwa na mtu, na hakuna aliyekuwa akihesabu.

Msichana mmoja, rafiki wa bibi harusi, alikuwa amekaa kando yangu. Akaniuliza, "Auntie, hizo stepu wamezitoa wapi? Kwa simu?" Nikamwambia, "Zimetoka Kiandutu. Siku moja stima ilipotea." Aliniangalia kama mtu anayengoja mzaha uishe. Nilikuwa na kikombe cha chai mkononi na sikuweza kukinywa. Nimezunguka sana katika maisha yangu, nimelala katika miji ambayo majina yake nimeyasahau, na bado sijaona kitu kama kile. Kwenye mstari wa nyuma, pembeni, mwanamke mfupi mwenye nywele nyeupe alikuwa akiinama na wengine, na nilimjua kwa miguu yake kabla sijaona uso.

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na nilikuwa nimeshafanya kazi nyingi kuliko nguo nilizokuwa nazo. Shule niliiacha kidato cha pili, na kama kuna sababu, basi ni kwamba dirisha la darasa letu lilitazama barabara. Nilikuwa nimekata maua kwenye mahema ya nailoni, nikapikia wachimba mawe chakula, nikachambua njugu za makadamia kiwandani Thika. Kila mahali nilikaa mpaka nikaelewa kazi inavyokwenda, na nikishaelewa tu, usingizi ulinijia nikiwa nimesimama. Basi asubuhi moja nilikuwa Ruiru, kwenye kibanda cha chai chini ya jengo la ghorofa mbili, nikitafuta mahali pengine pa kwenda, nikaona chai yangu inatetemeka. Ilikuwa ikitetemeka kwa mpango. Miduara midogo ilikuja, ikakoma, ikaja tena. Nikamuuliza mwenye kibanda kama kuna mashine juu. "Ni wamama wa mazoezi," alisema bila kuinua macho kutoka kwenye chapati. "Siku moja watatuangukia hapa, tuzikwe na unga." Nilipanda ngazi na kikombe chake mkononi.

Kilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyopakwa rangi nyekundu, na mahali watu walipozoea kusimama rangi ilikuwa imelika ikawa kijivu, kwa hiyo hata chumba kikiwa kitupu ungeweza kuona darasa. Madirisha yalitazama reli na mashine ya kusaga unga. Chini kulikuwa na duka la dawa za mifugo, na harufu yake ilipanda ikachanganyika na jasho na mafuta ya kuchua. Mbele alisimama Madam Atieno, mwanamke mfupi mwenye miguu minene kama mtu wa kubeba magunia, akitazama darasa lake. Alisema "kulia" na mguu wake ukaenda kushoto. Alisema "kushoto" na mkono wake ukaenda kulia. Mwanzoni nilidhani amekosea. Kisha nikaelewa kwamba alikuwa akifanya kila kitu kinyume ili wale waliomtazama wajione kama kwenye kioo. Nilisimama mlangoni nikimwangalia mtu anayejigeuza hivyo saa nzima, bila kukosea, akiita watu majina, akicheka, na nilihisi kitu ambacho sikuwahi kuhisi mbele ya mwalimu yeyote. "Wewe wa kikombe," aliniambia bila kusimama. "Unaingia ama unatoka? Mlango unaleta baridi." Niliingia.

Nilianza mstari wa nyuma. Kabla ya mvua za masika kuisha nilikuwa msaidizi wake, na nilikuwa nimehamia chumba chake kimoja tu, pazia katikati, jiko upande huu na vitanda upande ule. Alikuwa ametoka upande wa ziwani na alipenda omena kuliko nyama. Alizikaanga na nyanya nyingi mpaka majirani wakafunga milango. Tulikula tukiwa tumenyoosha miguu sakafuni, naye alinifundisha kazi huku akitoa vichwa vya samaki. "Stepu unaiita mapema. Ukingoja nane umechelewa. Iite kwa tano, mguu upate kusikia." Mara nyingine alisema, "Usiwaangalie uso, uso unaweza tabasamu tu. Angalia magoti." Na alinionyesha. Alimwangalia mwanamke mgeni akipanda ngazi akaniambia yule ni wa cherehani, yule anabeba mtoto upande wa kushoto, yule anasimama siku nzima kwenye zege. Nilimuuliza alijuaje. Alisema nitajua, na baada ya miezi michache nilianza kujua, na tangu hapo sijawahi kutembea barabarani nikaona watu kama nilivyowaona zamani.

Asubuhi tulifundisha Ruiru, wenye maduka na walimu na wauguzi waliotoka zamu. Jioni tulikwenda Thika, Kiandutu, kwenye kanisa la mabati ambako benchi zilisukumwa ukutani. Darasa la Kiandutu ndilo nililolipenda. Mama Shiro alikuwa hapo, mchambuzi wa makadamia niliyefanya naye kazi meza moja, mdomo mkubwa na moyo mkubwa. Nafula alikuwa hapo, msichana wa kutoka Bungoma aliyefulia watu nguo nyumba kwa nyumba. Na Cucu Wangari, bibi wa miaka sabini hivi aliyekaa kwenye benchi na kulinda mikoba yetu, khanga kiunoni, bila kuruka hata mara moja. Walimtania Madam kuhusu omena kila siku. "Madam, harufu yako imefika kabla yako," Mama Shiro alisema. "Na mukimo yenu," Madam alijibu, "hata ikifika, nani atajua? Haina hata chumvi."

Kisha baridi ya mwezi wa saba ilikuja, na ukungu, na mistari ikapungua. Madam alijaribu kila kitu. Alileta chupa zilizojazwa mchanga tuinue. Alileta mafagio tupige hatua nayo. Alitafuta nyimbo mpya, akakesha akizipanga. Kila kitu kipya kilileta kelele juma moja, na juma la pili kilikuwa cha zamani tayari, na yeye alikuwa na kazi ya kutafuta kingine. Niliona jambo likitokea polepole kwenye sauti yake. Jioni moja nilikuwa nyuma ya kanisa nikichota maji kwenye tangi, na upande wa pili Mama Shiro na Nafula walikuwa wakinawa uso.

"Siku hizi anahesabu kama karani wa ghala," Nafula alisema.

"Nane zake zimekauka."

"Si ni sisi tumemchosha."

"Wewe fikiria. Kila siku unaambia watu inua, shusha, inua. Na hakuna mtu hata mmoja anakuambia wewe kitu."

Usiku ule, tukila, Madam aliniuliza kwa nini niliacha makadamia. Nilimwambia ukweli: niliamka siku moja nikajua mikono yangu itafanya nini mpaka jioni. Aliweka sahani chini. "Basi hivyo," alisema. "Mimi nikipanda zile ngazi sasa, najua nitacheka wapi." Akaniambia binamu yake alikuwa amempatia kazi Kisumu, kusimamia wasafishaji hospitalini, na walitaka jibu kabla ya Krismasi. "Huko hakuna mtu atanidai nitabasamu." Kesho yake aliwaambia wanawake wa Kiandutu, waziwazi, kabla ya kuwasha muziki. Cucu Wangari peke yake aliuliza, "Mwaka mpya?" Madam akasema, "Mwaka mpya, Cucu." Cucu akaitikia kwa kichwa na kuvuta mikoba karibu na miguu yake. Nilijua kwamba Madam akiondoka darasa litakufa, kwa sababu mimi nilijua stepu tu. Yeye alijua watu.

Hapa lazima nieleze chama chao, maana bila chama hadithi hii haipo. Baada ya mazoezi kila Ijumaa wanawake wale walibaki kanisani kwa chama cha vyombo. Kila juma wote walichanga, na mmoja akapokea: sufuria, blanketi, beseni. Zamu ilizunguka mpaka kila mtu apate, na hiyo waliiita raundi. Kulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto wa Kiandutu aliijua. Ukishapokea, huondoki. Unaendelea kuchanga mpaka wa mwisho apate chake. Kwa hiyo anayepokea kwanza ndiye anayefungwa muda mrefu kuliko wote, na hawampi zamu ya kwanza mtu ambaye hawamwamini.

Ijumaa moja mwezi wa nane stima ilipotea katikati ya wimbo. Spika ilikata, na tukabaki na mvua nyembamba juu ya mabati. Siku nyingine Madam angepiga makofi aendelee. Siku ile alikwenda akakaa kwenye benchi kando ya Cucu, jambo ambalo sikuwahi kumwona akifanya. Wanawake walisimama kwenye mistari yao wakiangalia mahali alipokuwa. Ndipo Nafula, kwa mazoea ya Ijumaa, akauliza, "Kwani leo ni zamu ya nani?"

"Ya Mama Shiro," mtu akasema. "Apokee."

"Nipokee nini, giza?"

"Pokea hapo mbele. Si ndiyo imebaki wazi."

Walicheka, na Mama Shiro si mtu wa kukimbia kicheko. Alikwenda mbele, akavuta sketi, akasema yeye anajua kitu kimoja tu. Akaanza kuchambua makadamia. Mikono yote miwili ilipita kwenye ukanda wa mashine usiokuwepo, ikaokota, ikatupa, ikaokota, haraka kama ilivyokuwa kiwandani, na miguu ikapiga sakafu ili mikono isipotee. Nilikuwa nimeifanya kazi ile na niliichukia, na sasa nilisimama nikaona kwamba ilikuwa na mdundo tangu mwanzo. Wengine wakaifuata. Viatu vyao vikawa ndiyo muziki. Na kwenye benchi Madam alikuwa ameinua kichwa. Alikuwa akiangalia magoti.

"Mama Shiro," alisema, "huo ukanda uko wapi?"

"Hapa kiunoni."

"Ushushe."

"Madam, kiwandani uko hapa."

"Kiwandani si kwangu. Ushushe mpaka magotini." Alikuwa amesimama tayari. "Na makadamia mbovu unatupa wapi?"

"Nyuma. Kuna ndoo."

"Basi geuka utupe. Geuza kiuno, usigeuze shingo. Nyote. Ndoo iko nyuma. Tano, sita, saba." Ile saba ilikuwa sauti ya zamani. Tulichambua makadamia kwenye giza mpaka watu wakaomba maji.

Kuanzia hapo chama kililichukua jambo hilo kama kinavyochukua kila kitu, kwa utaratibu. Kila Ijumaa mmoja alipokea mbele. Alileta mwendo wa kazi yake, darasa likaufuata, na Madam akauchukua akaupa magoti na kiuno na pumzi. Aliyekosa kufika alituma mwendo wake na jirani. Mwendo wa Nafula ulikuwa wa kufua: kusugua, kukamua, kuanika kamba ya juu. Kisha tukaingia kwenye kesi, kwa sababu alikuwa na haya ya kusimama mbele, akampa zamu yake kimyakimya jirani aliyekuwa ameshapokea, na kikao kikaitwa. "Amekula mara mbili," walisema. "Hakula mara mbili, alikula yangu," Nafula alijibu. Walibishana kwa uzito wote wa chama kuhusu dakika chache za kurukaruka, wakaamua jirani atakaa raundi nzima ijayo bila zamu, na Madam akacheka mpaka akashika ukuta. Nyumbani alikula akiongea, omena mkononi, akifikiria jinsi ya kugeuza mwendo wa mtu wa matofali ili usiue mgongo. Hakusema neno kuhusu Kisumu, na mimi sikuuliza.

Zamu ya Cucu Wangari ilipofika, tulitaka kumruka. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya, tulimwonea huruma. Aliiweka mikoba yetu yote sakafuni. "Mimi pia niko kwa chama," alisema, akaenda mbele. Alivuta tawi la mti wa kahawa kwa mkono wa kushoto, polepole, kama mtu anayemvuta mtoto sikio bila kumuumiza, na vidole vya kulia vikaanza kukimbia. Hakuruka. Alipanda kwenye matuta ya shamba, akashuka, akageuka na kikapu tumboni, akamimina. Alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu akiwa msichana hadi magoti yalipokataa, na sasa magoti yale yalikuwa yanakumbuka. Nikaona mistari mitatu ikiinama, ikivuta, ikipanda, na kwa muda fulani ukuta wa mabati haukuwepo, tulikuwa mlimani kwenye umande na miti ya kahawa kila upande. Madam alisimama kando yangu. Mwendo wa Cucu hakuugusa. Aliniambia tu, kwa sauti ndogo, "Huu hauhitaji kitu." Tulipoupeleka Ruiru juma lililofuata, walimu na wenye maduka waliufanya bila kuuliza ni wa nani, na siku ya pili mmoja wao akataka kujua yeye atapokea lini.

Raundi iliisha Ijumaa ya mwisho kabla ya Krismasi. Jibu la Kisumu lilitakiwa Jumatatu. Madam alikuwa ameshatoa sanduku chini ya kitanda, na lilikaa pale wazi, tupu, siku kadhaa, nami nililiruka kila nilipokwenda jikoni. Ijumaa ile wanawake walipomaliza, walibaki wamejipanga. Mama Shiro akasema raundi mpya inaanza, na kwamba wamekubaliana nani atapokea kwanza.

"Nani?" Madam aliuliza, akikunja waya wa spika.

"Wewe."

"Mimi niko mbele kila siku."

"Hiyo ni kazi," Cucu alisema kutoka kwenye benchi. "Hii ni zamu."

Madam aliendelea kukunja waya, kisha mikono yake ikasimama. Niliona wakati neno "kwanza" lilipomwingia. Aliangalia mstari wa mbele, wa kati, wa nyuma. Hakuna aliyekwepa macho yake.

"Mnataka kunifunga," alisema.

"Sisi tunafuata sheria ya chama," Mama Shiro alijibu. "Kama hutaki kupokea, sema. Hatumlazimishi mtu."

Madam aliweka waya chini. Alikwenda mbele, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue alitupa mgongo, kwa hiyo kulia kwake kukawa kulia kwetu. Aliinama, akachota kwa mikono miwili kutoka kwenye beseni la chini, akainuka, akatupa mbali kwa mviringo, kama anayetandika shuka kubwa juani. Akarudia. Hakuhesabu. Mabega yake yalifunguka kama milango. Ilichukua muda kabla sijatambua kwamba alikuwa akianika omena ufukweni, kazi aliyoniambia aliitoroka akiwa msichana na kuapa hatairudia. Wanawake waliokuwa wakiziba pua miezi yote ile waliinama naye, wakachota, wakatupa. Jasho lilimshuka usoni na mengine ambayo hayakuwa jasho.

"Madam," Mama Shiro alisema akihema, "hawa samaki wako watatuua mgongo."

"Kwa sababu unainama na shingo," Madam alisema, na akageuka kututazama. "Magoti. Magoti, Mama Shiro. Tena, kushoto," na mguu wake ukaenda kulia.

Jumatatu alipiga simu Kisumu. Mimi nilikuwa naosha sufuria na nilisikia maneno mawili tu: "Hapana, nimepokea."

Katika raundi ile mpya walinipa zamu ya mwisho, na sikuingoja. Mwezi wa pili lori moja lilikuwa linaenda kaskazini na dereva alikuwa na nafasi. Madam aliamka kunipikia chai na hakunilaumu. Alisema tu kwamba nafasi yangu sakafuni haitapakwa rangi. Nimekwenda mbali tangu siku ile. Sasa nina mbuzi wachache Gatuanyaga, na wao ndio wanaozurura kwa niaba yangu.

Kule Murera wimbo uliisha na mwingine ukaanza. Wanawake walikuwa wamemaliza kahawa na makadamia na wameanika omena mbele ya wageni wote, na sasa walisimama wakivuta pumzi. Mstari wa kwanza ukanigeukia, kisha wa pili. "Njoki," Mama Shiro aliita, kilemba kikiwa kimeteleza, "kuna zamu yako hapa imekaa miaka. Tumechoka kuilinda." Kutoka nyuma kabisa ikaja sauti ambayo ingeweza kupenya ngoma yoyote. "Wewe wa kikombe. Unaingia ama unatoka?"

Niliijua sheria. Anayepokea haondoki mpaka raundi iishe, na nilipowahesabu kwa macho nikaona ni raundi ndefu. Nilimpa yule msichana kikombe changu. Nilivua viatu, nikapita kwenye nyasi, nikafikiria jinsi mbuzi wanavyoitwa jioni, mkono juu, hatua pana, kiuno kikigeuka kuwazuia wakorofi. Kisha nikasimama mbele, nikageuka kuwatazama, nikasema "kulia," na mguu wangu ukaenda kushoto.